Za Kuchukua na za Kuacha

Kaka yangu alipomng'oa Msanifu jino la kwanza, mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale, chaki mkononi, na mdomoni nina maneno mawili ambayo yangemwokoa. Sikuyasema. Nitaeleza kwa nini, na anayetaka kunitukana avute subira, kwa sababu wa kwanza kunitukana nilikuwa mimi mwenyewe na sijamaliza mpaka leo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha nguo. Kilifungwa nikiwa msichana mdogo, kikakaa miaka ishirini kinaota majani kwenye mapaa, halafu siku moja tukasikia kwamba kinageuzwa jumba la sanaa la watu wote. Banda la kufuma lingekuwa ukumbi wa muziki na maigizo. Ghala la pamba lingekuwa maktaba. Chumba cha boila, kile chenye matofali meusi, kingewekwa picha na vinyago, na yeyote mwenye miguu angeingia bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Hilo ndilo lililonipendeza kuliko yote. Mama yangu alifanya kazi ndani ya kuta zile miaka ishirini na sita, na mimi sikuwahi kuruhusiwa kuvuka geti kumpelekea hata kikombe cha chai.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila nguzo, kila dirisha, kila mashine niliipa namba kwa chaki, kisha nikaiingiza kwenye daftari. Ndiyo maana waliniita Bi Chaki. Michoro ya jumba ilikuwa ya Msanifu, na nilichoandika mimi yeye ndiye aliyekitia sahihi. Wavunjaji walikuwa chini ya kaka yangu, tumbo moja, ambaye mji mzima ulimwita Nyundo na jina lake halisi wakalisahau. Kwa hiyo tulikuwa watatu kwenye paa moja: mchoraji, mwandishi na mvunjaji. Kila mtu pale alijua kwamba mchoraji na mwandishi wanapendana, na kwamba mvunjaji hataki kulisikia jambo hilo hata kwa bahati mbaya.

Msinifanye nimwonee kaka yangu. Alikuwa na sababu. Baba yake Msanifu ndiye aliyekuwa msimamizi wa banda la kufuma enzi hizo. Mama alimwambia siku tatu mfululizo kwamba mkanda wa mashine yake unaruka, naye akamjibu avumilie mpaka mwisho wa wiki. Siku ya nne mkanda ukaruka ukaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia. Walipokuja wakubwa kuuliza, msimamizi akasema yeye hakuambiwa kitu. Ikaandikwa kwamba mfumaji alikuwa mzembe. Mimi nilikuwa bado tumboni. Kaka alikuwa na miaka saba, na ndiye aliyekuwa akiosha lile jeraha kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Nilipomtajia Msanifu, kaka alitema mate chini. Alisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kama nataka kuumwa nikaumwe mbali na nyumba ya mama yetu. Tukagombana mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama hakugombana. Siku ya tatu, tukiwa tunakunja nguo, akaweka shati chini akanitazama.

"Mashine yangu ilikuwa namba kumi na nane," alisema. "Siku nitakayoiona imesimama katikati ya huo ukumbi wenu, imesafishwa, watu wanaizunguka na kuuliza ni nani alikuwa akiifanyia kazi, siku hiyo wazee wake na waje tuzungumze. Bila hiyo usiniletee mtu."

Nilikimbia kumpelekea Msanifu maneno hayo kama aliyeokota dhahabu. Alicheka, akanishika mabega, akaniuliza mara mbili kama kweli mama kasema hivyo. Kisha akaifuta michoro yake ya wiki mbili akaanza upya: mashine namba kumi na nane katikati, nyingine tano kando yake, na viti vimezunguka. Alisema mtu yeyote atakayekuja kusikiliza muziki humo ataanza kwanza kumwona mama. Nilimpenda siku ile mpaka kifua kikaniuma. Sasa mnaelewa. Ndoa yangu yote ilikuwa imekaa juu ya chuma kimoja chenye kutu.

Tatizo lilikuja na orodha.

Banda lilikuwa na mashine arobaini. Sita zikae, thelathini na nne ziondoke na lori la vyuma chakavu. Ijumaa alasiri tulikaa kwenye ngazi za ghala la pamba, yeye anataja namba zangu za chaki, mimi naandika. Akanionya, namkumbuka sauti na kila kitu, akaniambia juu ya zile sita niandike neno "zibaki" na nisiandike neno jingine lolote, kwa sababu wavunjaji wana lugha yao. Nikamjibu ndiyo, ndiyo, huku namtazama kope. Alikuwa na kope ndefu za kumkera mwanamke. Akaanza kunisimulia nyumba atakayotujengea, madirisha yatazame wapi, jiko liwe na mlango wa nje au lisiwe nao, na mimi kalamu yangu inatembea peke yake. Upande mmoja wa karatasi nikaandika kwa herufi kubwa ZA KUCHUKUA. Upande wa pili nikaandika ZA KUACHA.

Kichwani mwangu ilikuwa wazi kama maji ya kunywa. Za kuchukua ni zile zinazochukuliwa na lori. Za kuacha ni zile zinazoachwa mahali pake. Msanifu akatia sahihi bila kusoma, maana mkono wake mwingine nilikuwa nimeushika.

Lakini mvunjaji hasemi hivyo. Kwa mvunjaji, kitu cha kuchukua ni kizima, kinafunguliwa nati kwa nati, kinafungwa magunia na kubebwa kama mgonjwa. Kitu cha kuacha kimekwisha, hakina faida, kinapigwa pale pale kiliposimama. Kaka yangu hata nyumbani husema hivyo. Sufuria ikitoboka ataigeuzageuza na kusema hii ya kuacha, kisha utaisikia kwenye jaa. Nimekua nayo lugha hiyo. Nilikuwa naijua kuliko Msanifu aliyenionya. Nilisahau, basi. Mapenzi yalikuwa yamenipanda kichwani, na huo ndio ukweli wote, hauna pambo.

Jumamosi wakaanza kuvunja asubuhi. Mimi nilikuwa juu nahesabu vioo vya madirisha, nazisikia nyundo chini zikilia, wala sikushtuka, kwa sababu niliamini zinalilia zile thelathini na nne. Nilikuwa hata naimba. Saa tano nikashuka.

Mashine thelathini na nne zilikuwa zimepangwa ukutani vizuri, zimefunguliwa kwa adabu, zimevikwa magunia. Katikati ya banda palikuwa na lundo la chuma kilichopondwapondwa, na vumbi bado linaelea juu yake.

Nililisogelea lundo lile. Vibao vya namba za zamani nilikuwa nimeving'oa mwenyewe wiki iliyopita nikavipeleka kung'arishwa, na namba zangu za chaki zilikuwa nyingine kabisa, kwa hiyo chuma na chuma vilifanana. Nikaanza kuchambua kwa mikono. Nikapata mkono wa kuwashia uliopinda, umejaa grisi na vumbi la miaka, na chini ya grisi kidole changu kikagusa ngozi. Mkono ule ulikuwa umezungushiwa ngozi nene, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu mtu mwenye vidole vitatu hawezi kushika chuma chembamba. Mashine moja tu katika arobaini ilikuwa na mkono wa namna ile.

Msanifu aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa na michoro kwapani. Akaliona lundo. Akasimama. Macho yake yakaenda kwenye nguzo, pale orodha ilipogongewa msumari, akaisogelea akaisoma taratibu kwa mara ya kwanza tangu aitie sahihi. Kisha akanigeukia. Sura yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sura ya mtu anayemtazama mwenzake akianguka kisimani.

Nyundo alikuwa amekaa juu ya gunia anajifuta jasho, ameridhika na kazi yake. Akaniuliza mbona nimekuwa kama niliyeona maiti. Nikafungua kiganja nikamwonyesha.

Ngozi ile aliikata yeye. Alikuwa na miaka minane, akaiokota kwenye mkanda chakavu, akaikata kwa kisu cha jikoni, na mama akaenda nayo kazini siku aliyorudi kwenye mashine. Kaka yangu aliitambua kabla sijaufuta mkono ule. Nilimwona rangi ikimtoka usoni.

Alisimama. Akaenda kwenye nguzo akaichana orodha kutoka kwenye msumari, akaja nayo katikati ya banda. Wavunjaji wote saba walikuwa wameweka nyundo zao chini.

"Haya ni maandishi ya mdogo wangu," alisema. "Lakini mdogo wangu anaandika anachoambiwa." Akamgeukia Msanifu, akamwekea karatasi mbele ya macho. "Hii sahihi ya nani?"

Msanifu alinitazama mimi kwanza, ndipo akamtazama yeye.

"Sahihi ni yangu."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Niliusikia mlio wake, mlio mkavu, na michoro ikatawanyika sakafuni. Alipoinua kichwa damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni, na jino lilikuwa pale chini, jeupe kwenye mafuta meusi. Hakuinua mikono. Alibaki amesimama na macho yake yakanitafuta.

Ngumi ya pili ikamshusha magotini. Nyundo akamshika ukosi wa shati akamburuta mpaka kwenye lundo, akamgandamiza uso juu ya chuma. Alikuwa anamwuliza kama anaiona, kama baba yake alimtuma aje amalizie kazi, kama vidole viwili havikuwatosha. Nyundo akamwinua kichwa kwa nywele akakigonga tena. Shavu likapasuka. Nyusi ikapasuka. Mmoja wa wavunjaji, mtu mzima mwenye mvi, akamshika Nyundo kiuno kwa nyuma, akapigwa kiwiko cha pua akakaa chini akiwa ameziba uso, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Wawili wengine wakaja. Mmoja akatupwa juu ya magunia, mwingine akaona bora arudi alikotoka.

Kisha yakaja mateke. Kaka yangu huvaa buti lenye chuma mbele. Teke la kwanza likampata Msanifu ubavuni akajikunja. La pili likampata pale pale, na safari hii nilisikia kitu kikilia ndani yake, mlio mdogo tu, akafungua mdomo na hewa haikuingia.

Akanitazama tena.

Kila alipopata nafasi ya kuinua macho aliyaleta kwangu, na mimi niliyasoma macho yale. Niliyasoma kwa uhakika wa mwanamke anayependwa. Yalikuwa yananiambia nyamaza, mpenzi, usijitie kwenye moto, hili niachie mimi. Moyoni nikamshukuru. Nikajiambia hakuna mwanamume kama huyu duniani, anavunjwa mbavu ili mimi nisiguswe. Na kwa kuwa yeye alikuwa ameniruhusu, nikanyamaza.

Nitasema na lililobaki. Niliogopa. Nilimwogopa kaka yangu, kwa sababu sijawahi kumwona vile. Zaidi nilimwogopa mama. Kama mashine imevunjwa kwa kosa la mtoto wa msimamizi, mama atamchukia yeye, na mimi nitalia naye. Kama imevunjwa kwa kalamu yangu, sijui mama atanichukia kiasi gani. Mizani hiyo niliipima huku mtu anapigwa. Mkono wangu wenye chaki ulikuwa umekaza mpaka chaki ikasagika.

Nyundo akaokota nondo.

Msanifu aliiona ikija, akainua mkono wa kulia kukinga kichwa, na nondo ikatua katikati ya mkono huo, juu kidogo ya kifundo. Hapo ndipo alipopiga kelele. Hakuwa amelia tangu mwanzo, lakini hapo alilia, na kila mtu mle bandani alijua kwamba ule ndio mkono wa kuchorea. Mkono ulikaa vibaya. Ulikuwa na kona mahali pasipo na kiungo.

Nyundo aliitupa nondo akaifuata nyundo yake, ile ya kilo saba ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika. Akaiinua kwa mikono miwili.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa katikati yao, mgongo wangu kwa Msanifu, na uso wa kaka yangu ulikuwa juu yangu hauna mtu ndani.

"Ni mimi, kaka."

Hakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, na nikamshika kifua.

"Ni mimi. Yeye aliniambia niandike zibaki. Za kuacha nimeandika mimi, kwa akili yangu, yeye hakusoma."

Nyundo ilishuka nyuma ya bega lake ikatoboa sakafu. Alikaa anahema. Aliokota orodha iliyokuwa imekanyagwa akaitazama kama vile herufi zimebadilika.

"Ulijua maana yake?" aliniuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilijua. Nilisahau."

"Ulisahau."

Kofi lake lilinirusha juu ya lundo. Ncha ya chuma ikanichana kutoka chini ya jicho mpaka karibu na sikio, na alama yake ninayo, naipaka poda kila siku. Nikasikia nyuma yangu Msanifu anajaribu kuinuka ili aje kwangu, na mbavu zikamrudisha chini. Nilingoja kofi la pili. Halikuja. Kaka yangu alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, anaigeuza, huku na huku.

Alisema, bila kumwambia mtu, kwamba pigo la kwanza kwenye mashine ile alilipiga yeye. Alisema aliwaambia wenzake wasogee, hii ni ngumu, ataianza mwenyewe. Kisha akaigeukia nguzo ya zege akaanza kuipiga ngumi. Aliipiga mpaka nguzo ikawa nyekundu, mpaka tukaona nyama kwenye vifundo, na wavunjaji wanne ndio waliomlaza chini na kumkalia. Chini pale alilia kwa sauti. Mwanamume wa miaka arobaini, ameshikwa miguu na mikono, anamwita mama yake.

Na mama alikuwa mlangoni.

Mtu alikuwa amekimbia kumwita tangu pigo la kwanza, na nyumba yetu ni mtaa wa tatu kutoka getini. Alikuja na kandambili, mtandio umemwangukia mabegani. Masikio ya mama yaliliwa na mashine zamani, kama ya wafumaji wote wa rika lake. Husikia kwa macho. Ukitaka kuzungumza naye unasimama mbele yake na kuchezesha midomo vizuri, na husomi uso wake wakati anausoma wako, kwa sababu hauonyeshi kitu.

Alipita kwenye lundo akasimama kidogo. Hakuligusa. Aliwatazama watu wake mmoja mmoja: mimi na uso uliochanika, mwanawe chini ya watu wanne, na mtoto wa msimamizi amelala ubavu, mkono umevimba kama mguu.

Nilimwendea nikamweleza. Nilimweleza yote, mbele ya macho yake, taratibu, kuanzia kwenye ngazi za ghala: alivyonionya, nilivyosahau, sahihi, nondo. Maneno yalinitoka bila kukwama hata mara moja. Dakika kumi kabla yake yalikuwa yamenigandia kooni, sasa yanatiririka yenyewe.

"Wakati anapigwa ulikuwa wapi?" mama aliuliza.

Nikamwambia nilikuwa hapa.

"Hapa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Unga wa chaki ulikuwa bado sakafuni pale niliposimama. Mama akautazama, kisha akatazama mahali palipokuwa na damu nyingi kuliko pengine, akapima kwa macho kutoka huku hadi kule. Nilitamani anipige. Nilikuwa nimeshasogeza shavu zima. Akanipita kama anavyopita mtu kando ya kiti.

Alipiga magoti mbele ya Msanifu. Akavua mtandio akamfuta mdomo, nyusi, shingo, bila haraka, kwa ule mkono wa vidole vitatu.

"Msimamizi alisema hakuambiwa kitu," alimwambia. "Mvulana yule pale akawa ananiosha kidonda, na mimi nasubiri. Nikasema ipo siku mtu wa nyumba ile atasimama na kusema sahihi ni yangu. Mashine imekwenda. Lakini umelisema."

Msanifu alimwangalia, na machozi yakamtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka.

Nikaona hapo ndipo pa kuingia. Nikajitupa chini upande wa pili, nikaushika mkono wake mzima, nikauweka kwenye shavu langu lenye damu. Nilimwambia nitamtunza maisha yake yote. Nilimwambia mkono utapona, na usipopona nitachora mimi kwa kuelekezwa. Nilimwambia nimeona jinsi alivyonitazama, kila pigo, akinikataza nisiseme, na kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kupendwa hivyo.

Midomo yake ilicheza. Hakuna sauti iliyotoka. Nikainamisha sikio mpaka likagusa damu yake, na nyuma yetu kaka yangu alikuwa bado analia kwa nguvu, sikusikia neno. Nikamwomba arudie. Midomo ikacheza tena.

Niliinua uso nikamkuta mama anaitazama midomo ile. Alikuwa ameshaisoma. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulionyesha kitu, na kilikuwa huruma, na haikuwa ya Msanifu.

"Anasema nini, mama?"

Mama hajui sauti yake ina ukubwa gani. Husema kwa nguvu, kama vile mashine arobaini bado zinanguruma, na kila mvunjaji aliyekuwa mle alimsikia.

"Anasema hakukukataza. Anasema alikuwa anakuomba useme."

Mkono wake ulitoka kwenye wangu. Sijui kama aliutoa au ulianguka wenyewe.

Waliingiza pikapu mpaka ndani ya banda. Wavunjaji walimwinua juu ya ubao, yule mwenye mvi akiwa ameziba pua kwa kitambaa, wakamlaza nyuma. Mama akapanda bila kusaidiwa, akakaa kwenye bati, akakiweka kichwa chake mapajani. Mimi nikaweka mguu ili nipande, na mama akanyoosha mkono akaniwekea kifuani. Hakunisukuma kwa nguvu. Nilirudi chini mwenyewe.

"Wazee wake nitawapokea," alisema. "Wakija leo, wakija kesho, mlango uko wazi, huyu namtaka. Sasa kamwombe Mungu na yeye bado akutake wewe."

Dereva akawasha gari. Nikalifuata kwa miguu mpaka getini, nimeshika ubavu wake, namwita Msanifu kwa jina ambalo tulikuwa tunaitana wawili tu. Alikuwa amefumba macho, na sikujua ni kwa sababu ya maumivu au kwa sababu yangu.